Uchambuzi wa kisa: Karani wa yadi ya magari aliyesoma Kijapani kila siku na bado akakwama

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachofuata ni cha kijana mmoja wa Nairobi ambaye hapa ataitwa K. Jina lake, mtaa anakoishi na yadi anakofanya kazi vimeondolewa, na mambo machache yasiyoathiri maana yamebadilishwa ili asitambulike. Amekubali kisimuliwe. Nimekuwa nikiendesha kikundi kidogo cha watu wanaojifunza Kijapani bila mwalimu, na nimekichagua kisa hiki miongoni mwa vingi kwa sababu wanafunzi wengi hukwama palepale alipokwama K., kisha hujihukumu kuwa wavivu. K. hakuwa mvivu hata kidogo. Alisoma kila siku kwa muda mrefu kuliko wengi ninaowafahamu, na ni kusoma huko kwa kila siku, kwa jinsi alivyokuwa amekupanga, kulikomwangusha.

Usuli

K. ni karani katika mojawapo ya yadi zinazoagiza magari yaliyotumika kutoka Japani, zile zilizopangana Ngong Road na Kiambu Road. Kazi yake ni kufuatilia hati za gari tangu linaponunuliwa mnadani, linapopakiwa melini, linapofika bandari ya Mombasa, hadi linapolipiwa ushuru na kusajiliwa. Kila gari huambatana na karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi iliyojazwa na mkaguzi wa Kijapani, mara nyingi kwa mkono. Yadi yao, kama nyingine nyingi, haikuwa na mtu wa kuisoma karatasi hiyo. Ilitegemea muhtasari wa Kiingereza uliotumwa na muuzaji.

Hata hivyo si kazi iliyomvuta kwanza. Alivutwa na katuni za Kijapani alizozipenda tangu shule ya upili, akatamani kuzifuata bila kusoma maandishi ya chini ya skrini. Alianza akiwa na simu moja na bando la kununua siku kwa siku. Alikuwa akitoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi ili kuikwepa foleni, akirudi mwendo wa saa mbili usiku, na mwisho wa mwezi, au meli inapotia nanga, akichelewa zaidi. Msomaji aishike ratiba hii, kwa kuwa karibu kila kilichotokea baadaye kinatokana nayo.

Miezi ya mwanzo

Mwanzo ulikuwa mwepesi. Hiragana, mojawapo ya mifumo miwili ya herufi za silabi za Kijapani, ina herufi za msingi 46 na katakana, mfumo wa pili, vivyo hivyo, na K. alizimudu zote katika majuma machache akiwa kwenye matatu. Matamshi nayo hayakumsumbua: Kijapani kina irabu tano zilezile za a, i, u, e, o, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu, kwa hiyo ulimi wa Mswahili hauna kazi kubwa ya kujifunza upya. Wepesi huu ulimfanya akadirie kwamba safari nzima itakuwa hivyo. Mbele yake kulikuwa na kanji, yaani herufi zenye asili ya Kichina zinazobeba maana, ambazo orodha rasmi ya matumizi ya kawaida nchini Japani, iliyorekebishwa mwaka 2010, inazo 2,136.

Alitumia programu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mazoezi mafupi yanayohesabu mfululizo wa siku: ukikosa siku moja, hesabu inarudi sifuri. Ya pili ilikuwa Anki, programu ya kadi iliyotolewa mwaka 2006, ambayo humrudishia mtu neno muda mfupi kabla ya kulisahau na kuurefusha muda huo kila anapolikumbuka. Msingi wake ni imara. Mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 kwamba tunachojifunza hutoweka kwa kasi mwanzoni na polepole baadaye, na watafiti wa kumbukumbu Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba kujaribu kukumbuka hujenga kumbukumbu ya kudumu kuliko kusoma tena na tena. Chombo chenyewe hakikuwa na kosa.

Kosa lilikuwa katika mpangilio. Anki huja ikiwa imewekwa kadi mpya 20 kwa siku, na K. aliuacha mpangilio huo ulivyo. Kadi 20 huonekana chache siku ya kwanza. Lakini kila kadi mpya inarudi kesho, kisha baada ya siku chache, kisha baada ya wiki, na baada ya majuma kadhaa marudio ya siku moja yanaweza kufika 150 hadi 200. Jumapili K. aliyamaliza bila shida. Jumanne ya mvua za masika, matatu ikiwa imesimama na yeye akiwa amesimama ndani yake mkono mmoja kwenye chuma, hakuweza. Marudio yasiyofanywa hayafutiki. Hulala pale yakisubiri, na ya kesho huja juu yake, kama deni la dukani ambalo mwenye duka halisahau. Mwisho wa mwezi mmoja wenye meli mbili, alifungua simu akakuta kadi mia saba na zaidi.

Alichofanya baada ya hapo ndicho ninachokiona kwa wanafunzi wengi. Aliacha sarufi ili apate muda wa kadi. Aliacha kusikiliza kwa sababu kusikiliza hakukuwa na hesabu popote. Na kwa kuwa hakutaka mfululizo wake uvunjike, karibu na saa sita usiku alifungua ile programu ya kwanza, akachagua zoezi jepesi kuliko yote, la maneno aliyoyajua tangu mwezi wa kwanza, akalifanya nusu usingizini. Hesabu ilipanda. Kijapani chake kilisimama.

Desemba ya kwanza

K. alijiandikisha kwa mtihani wa kimataifa wa umahiri wa Kijapani, JLPT, katika kiwango cha N5, ambacho ndicho cha chini kabisa kati ya vitano. N5 huhesabiwa kwa alama 180: 120 za msamiati, sarufi na kusoma kwa pamoja, na 60 za kusikiliza. Ili kufaulu, mtu anahitaji jumla ya 80, lakini pia afikishe angalau 38 katika sehemu ya kwanza na 19 katika ya pili. Jumla ya K. ilivuka 80 vizuri. Kusikiliza kulikuwa chini ya 19. Akahesabiwa ameanguka.

Matokeo yalipotoka aliizima Anki, akaufuta mfululizo kwa mkono wake mwenyewe, na hakugusa Kijapani kwa takriban miezi mitatu. Kazini walikuwa wakijua kwamba anafanya mtihani, na kila aliyemuuliza aliongeza uzito. Aliponijia, kauli yake ya kwanza ilikuwa kwamba hamu imemwishia na kwamba labda lugha hii si yake.

Maamuzi na sababu zake

Sikuanza na hamu. Nilimwomba anieleze wiki moja ya kawaida, saa kwa saa, kisha wiki mbaya kuliko zote. Tulipoziweka kando kwa kando, jambo lilijitokeza wazi: ratiba yake yote ilikuwa imejengwa juu ya Jumapili. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza ulikuwa kuijenga upya juu ya siku mbaya. Kiwango cha chini cha kila siku kikawa kile anachoweza kufanya akiwa amesimama kwenye matatu, yaani dakika chache za marudio, bila kadi mpya hata moja. Kadi mpya zilihamishiwa kwenye vikao viwili vya wiki, Jumatano asubuhi kabla yadi haijafunguliwa na Jumamosi alasiri, na zikawa chache. Zile mia saba alizisimamisha bila kuzifuta, akaacha zirudi kidogo kidogo.

Tuliufunga uamuzi huo kwenye kitendo mahususi: akishalipa nauli, anafungua kadi. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia, ameandika kwa kina kuhusu mipango ya aina hii inayounganisha tukio fulani na hatua fulani, na faida yake kwa mtu aliyechoka ni kwamba haimlazimu kuamua. K. alikuwa akitumia nguvu nyingi kila jioni kuamua kama atasoma, kuliko nguvu ambazo kusoma kwenyewe kungemgharimu.

Uamuzi wa pili ulihusu sikio. Alikuwa amejifunza karibu kila neno kwa macho. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mkazo huo huirefusha irabu kidogo. Kijapani hakina mkazo wa namna hiyo, ilhali urefu wa irabu hubeba maana, kiasi kwamba obasan ni shangazi na obaasan ni bibi. K. alikuwa akisoma tofauti hizo kwenye skrini bila taabu, lakini sikio lake lilizipima kwa kipimo cha Kiswahili na kukosea. Tukakubaliana kwamba asiongeze neno lolote bila sauti yake, na kwamba apakue sauti kwa intaneti ya ofisini wakati wa chakula cha mchana ili asile bando. Masomo ya Kijapani ya NHK World yanayotolewa kwa Kiswahili yalimfaa sana hapa, kwa kuwa maelezo yake yalimfikia kwa lugha anayoiwazia.

Mazoezi ya kwanza kabisa ya kusikiliza, hata hivyo, alikuwa nayo yadini miaka yote. Magari mengi yanayotoka Japani husema yanapowashwa, na maneno yenyewe karibu ni yaleyale: *ETC kādo ga sōnyū sarete imasen*, yaani kadi ya ETC, ile ya kulipia barabara za kasi za Japani, haijaingizwa. K. alikuwa ameisikia sauti hiyo maelfu ya mara kama kelele ya mashine. Asubuhi moja aliwasha gari, akaisikiliza, na akaitambua kila sehemu yake, pamoja na kauli ya kutendwa iliyomo ndani ya *sarete*. Alinitumia ujumbe wa sauti akiwa bado ndani ya gari. Nimezisikia furaha nyingi za wanafunzi, ile ninaikumbuka.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kubadilisha lugha ya maelezo. Kitabu chake kilikuwa cha Kiingereza, na kilimfundisha mambo kadhaa kwa mzunguko mrefu ilhali Kiswahili kingempeleka moja kwa moja. Kore, sore na are, yaani viashiria vya Kijapani, zilimtatiza kwa sababu Kiingereza kina viashiria viwili tu, wakati Kiswahili kina vitatu vinavyolingana nazo karibu kabisa: hiki kilicho karibu nami, hicho kilicho karibu nawe, kile kilicho mbali na sisi sote. Vivyo hivyo vitenzi. Mtu aliyezoea kutoka kula kwenda kulisha na kulishwa hawezi kushangazwa na kitenzi cha Kijapani kinachopachikwa kwanza usababishaji, kisha utendwaji, kwa mpangilio uleule. Alianza daftari la Kiswahili, na kurasa zake za mwanzo zilimsaidia kuliko kitabu kizima.

Karatasi ya mnada

Uamuzi wa nne ndio uliobadilisha mkondo. Nilimuuliza ni Kijapani gani kilicho mezani kwake kila siku. Akanijibu bila kusita. Tukaamua kwamba kadi zote mpya, kwa miezi michache, zitoke kwenye karatasi za mnada.

Karatasi hizo zina mantiki inayojifunzika. Mchoro wa gari huwekwa herufi: A kwa mkwaruzo, U kwa mbonyeo, W kwa alama ya ukarabati wa bodi, S kwa kutu, kutokana na neno *sabi*, nambari iliyo kando huonyesha ukubwa wa tatizo. Mwaka huandikwa kwa enzi ya kifalme: Heisei ilikoma tarehe 30 Aprili 2019 na Reiwa ikaanza kesho yake, kwa hiyo gari la mwaka 2019 linaweza kuandikwa H31 au R1. Kwa Kenya, ambayo hairuhusu kuingizwa gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kuusoma mwaka huo vibaya ni hasara kamili. Chini ya hayo huwa na kisanduku cha maelezo, na hapo ndipo mkaguzi huandika kwa mkono wa haraka yale ambayo mchoro hauwezi kuonyesha.

Majuma kadhaa baadaye ililetwa karatasi ya gari dogo la familia. Alama ya jumla ya gari ilikuwa 4, ambayo kwa kawaida huhesabiwa nzuri kwa gari lililotumika, na muhtasari wa muuzaji ulisema hali ni safi. K. alikuta katika kisanduku cha maelezo herufi alizozihangaikia kwa dakika kadhaa, kwa kuwa kanji ya mkono si kanji ya kitabuni, hadi akazisoma: *shitamawari sabi*, kutu upande wa chini wa gari. Alimwonyesha msimamizi wake. Wakamwandikia muuzaji kuomba picha za chini ya gari, picha zikathibitisha, na gari halikununuliwa.

Ninalikaza jambo hili kwa sababu linajibu swali lake la kwanza kwangu. Hamu aliyosema imemwishia ilirudi siku ile bila hotuba ya mtu yeyote. Ilirudi kwa sababu alijiona ameweza jambo ambalo lisingewezekana bila Kijapani chake, mbele ya watu walioelewa thamani yake.

Matokeo

Kufikia Desemba ya pili K. alikuwa akisoma karatasi nyingi za mnada bila msaada. Kuhusu mtihani, nilimshauri arudie N5. Yeye alichagua N4, na kanuni zinamruhusu, kwa kuwa hakuna kiwango kinachohitaji mtu awe amefaulu cha chini yake. N4 ina sehemu zilezile na viwango vya chini vilevile, ila jumla inayohitajika ni 90. Safari hii kusikiliza kulivuka mpaka kwa nafasi ya kuridhisha, na sehemu ya kwanza pia ilivuka 38. Jumla ndiyo iliyopungua kidogo chini ya 90. Hakufaulu.

Wiki hiyohiyo ya matokeo alikuwa kwenye kikao cha Jumatano. Kwangu hilo ndilo tokeo zito la kisa hiki kuliko cheti, kwa kuwa mtu yuleyule, baada ya tokeo linalofanana, mwaka uliotangulia alinyamaza miezi mitatu.

Uchambuzi

Tofauti kati ya miaka hii miwili haiko katika wingi wa saa. Nadhani mwaka wa pili alisoma saa chache zaidi. Kilichobadilika ni kile alichokihesabu kuwa kusoma. Mwaka wa kwanza, kusoma kulimaanisha kuilisha hesabu ya programu, na hesabu haikutofautisha kati ya zoezi la usingizini na saa moja ya kupambana na sarufi. Mfululizo wa siku una nguvu ya kumwanzisha mtu, nami siukatazi mwezi wa kwanza. Lakini humfundisha kuogopa kukosa kuliko kutamani kujua, na siku unapovunjika huondoka na mwenyewe.

Edward Deci na Richard Ryan, waliofanya kazi kubwa juu ya motisha, hutaja mahitaji matatu yanayoifanya itoke ndani ya mtu: kuwa na uamuzi wake mwenyewe, kujiona anaweza, na kuwa na watu. Mwaka wa kwanza K. hakuwa na hata moja. Programu iliamua, hesabu ilichukua nafasi ya uwezo, na alisoma peke yake. Mwaka wa pili, hata uchaguzi wake wa N4, ambao sikuukubali, ulimpa hitaji la kwanza kwa ukamilifu, na huenda ndiyo sababu kuanguka hakukumvunja.

Yapo yaliyoshindikana, na hayapaswi kufichwa. Mazoezi ya kuzungumza kwa kubadilishana ujumbe wa sauti na mwenzake kikundini yalidumu muda mfupi. Mwenzake alihama mji, nasi hatukumtafutia mwingine mapema, na leo K. anaelewa zaidi ya anavyoweza kusema. Pia, habari za karatasi zilipoenea ofisini, msimamizi alianza kumtumia karatasi usiku azisome nyumbani, na ndani ya wiki chache K. alianza kuichukia meza yake ya kusomea. Kilichokuwa chake kilikuwa kinageuzwa kazi isiyo na malipo. Ilibidi azungumze na msimamizi, na wakaafikiana kwamba karatasi zisomwe saa za kazi pekee. Anayeiunganisha lugha na ajira yake aliwekee jambo hili mpaka tangu mwanzo.

Kasoro kubwa zaidi ilizaliwa na mafanikio yenyewe. Karatasi ya mnada haina sentensi. Ina nomino, alama na vipande vya maneno, na mtu anaweza kuisoma kwa ufasaha bila kujua tofauti ya wa na ga, vijineno vinavyoonyesha mada na kiima cha sentensi. Kwa miezi mingi K. alikua katika msamiati na kusikiliza huku sarufi ikitambaa nyuma, na ni katika sarufi na kusoma aya ambapo N4 ilimnyima alama chache alizohitaji. Mada finyu iliyo karibu na maisha humrudisha aliyekata tamaa haraka kuliko kitu kingine ninachokijua, lakini inafaa iwekewe muda wa kuishia, na sisi hatukuuweka.

Kwa sasa ameacha kuongeza maneno mapya kwenye kadi za karatasi za mnada na kubakiza marudio yake tu. Kikao cha Jumatano ni cha sentensi kamili: anasoma aya fupi, anaiandika upya kwa maneno yake, na Jumamosi anaisoma kwa sauti mbele ya mwenzake mpya wa kikundi. Dakika za matatu hazijabadilika. Ameamua kuirudia N4 Desemba ijayo, na safari hii nimekubaliana naye.